Bunduki ya Mjerumani Ina Baba Wengi

Nchi hii ina mazoea ya kumkabidhi Mjerumani kila kitu cha zamani kisichojulikana mwenyewe. Daraja la mawe ni la Mjerumani, mwembe mkubwa kando ya boma kaupanda Mjerumani, shimo walilolikuta wachimba msingi lina mali ya Mjerumani, na matapeli wa rupia, sarafu za enzi ya Mjerumani, wanajenga nyumba kwa imani ya watu kwamba Mjerumani alikimbia akaacha fedha zake chini ya mawe. Bunduki nayo haikusalimika. Huku Balangdalalu, wilayani Hanang, katika nchi ya maziwa ya chumvi na mlima uliozidi mita 3,400, au kule Mbulu palipokuwa na boma la Wajerumani, ikitokea bunduki kuukuu imefukuliwa shambani au imesalimishwa kituoni, jina lake hujulikana kabla haijafutwa udongo. Ikiwa ndefu, ya kuvuta komeo, na imeliwa na kutu, basi ni ya Mjerumani na mazungumzo yamekwisha.

Hapo ndipo yangepaswa kuanza. Bunduki inaweza kuwa imetengenezwa Berlin na isipate kushikwa na askari wa Mjerumani hata siku moja. Nyingine inaweza kuwa ya Kiingereza kuanzia kitako hadi ncha ya mtutu, lakini ikapigana upande wa Mjerumani miaka miwili. Ushahidi mkubwa kuliko wote ni orodha ya silaha alizokabidhi Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck kwa Waingereza tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Kulikuwa na mzinga mmoja wa Kireno. Bombomu 37, na kati ya hizo 7 tu ndizo za Kijerumani. Bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno. Na risasi zipatazo 208,000. Jeshi la mwisho la Mjerumani katika Afrika Mashariki lilisalimu amri bila bunduki ya kisasa ya kwao, na Lettow-Vorbeck mwenyewe aliliandika jambo hilo kwa majivuno katika kumbukumbu zake. Kama hata siku ile, mbele ya jenerali mwenyewe, bunduki za Mjerumani hazikuwa za Kijerumani, sisi tunaokuja baada ya miaka mia na ushei tunapata wapi uhakika wa kuzitambua kwa kuziangalia tu kutoka mlangoni?

Ninachodai ni kwamba bunduki ya aina hii haitambuliwi kwa umbo wala kwa simulizi ya aliyeikuta. Hutambuliwa kwa chapa zake, tena zikisomwa kwa mpangilio, ya kwanza hadi ya mwisho, kama mtu anavyosoma mihuri ya pasipoti. Ile iliyokarabatiwa, yenye mtutu wa hapa na komeo la pale, ambayo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huidharau, kwetu ndiyo yenye habari nyingi zaidi. Kuiyeyusha bila kunakili chapa hizo ni sawa na kuchoma barua ambayo hujaifungua.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, jeshi la Wajerumani katika koloni hili lilikuwa na kampuni 14 na askari Waafrika wapatao 2,500. Wengi wao walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye kipenyo cha milimita 11, inayopiga risasi moja moja na kutumia baruti ya moshi. Kila askari alipofyatua, wingu jeupe lilipaa kumwonyesha adui mahali alipolala. Ile ya kisasa, Mauser ya mwaka 1898, ya milimita 7.92 na risasi tano ndani, walikuwa nayo wa kampuni chache tu. Ujerumani ilijaribu kuziba pengo kwa meli mbili zilizopenya kizuizi cha Waingereza. Ya kwanza, Rubens, iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, mwezi Aprili 1915, ikapigwa mizinga na kuzama kwenye maji mafupi. Shehena yake iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa. Zikafunguliwa, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya, na hata hivyo nyingi ziligoma kulipuka. Ya pili, Marie, iliingia Sudi, kusini ya Lindi, Machi 1916. Katikati ya kufika kwa meli hizo mbili, manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915, na mizinga yake kumi ikatolewa majini, ikafanyiwa ufundi katika karakana ya reli Dar es Salaam na kupewa magurudumu. Mmoja wao uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo. Kwa hiyo neno ukarabati si la pembeni katika habari hii. Vita vyote vya upande ule viliendeshwa kwa vitu vilivyofanyiwa kazi mara ya pili.

Chanzo kikubwa kuliko meli kilikuwa adui. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Waingereza walikimbilia melini na kuacha bunduki za kutosha kampuni tatu. Tarehe 25 Novemba 1917, mwaka mmoja kamili kabla ya Abercorn, Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma na kuishambulia kambi ya Wareno ya Ngomano, akapata mamia ya bunduki mpya na risasi robo milioni hivi. Zile za 1871 zilizobaki ziliharibiwa na kutupwa. Bunduki za Wareno zilikuwa za aina iitwayo Mauser-Vergueiro, ya mwaka 1904, kwa jina la ofisa wao aliyeibuni. Sasa tazama kichekesho kilichomo: bunduki hiyo ya Kireno ilitengenezwa Berlin, katika kiwanda cha Deutsche Waffen- und Munitionsfabriken. Chuma kilitoka Ujerumani, kikauzwa Lisbon, kikapelekwa Msumbiji, kikatekwa na askari wa Mjerumani waliotoka Tabora na Songea, kikakabidhiwa kwa Mwingereza katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na kikaandikwa kwenye orodha kuwa silaha ya Kireno. Mzee anayesema bunduki hiyo ni ya Mjerumani amesema kweli, na mwanahistoria anayembishia amesema kweli vilevile.

Turudi Hanang, maana jiografia nayo ina neno. Vita vilipita ukanda huu mwaka 1916. Mwanzoni mwa Aprili, majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer yaliteremka kutoka Arusha, yakaiteka kampuni nzima ya Wajerumani katika mlima Lolkisale, yakapita Ufiome, katika nchi ambayo leo ni Babati, na kuingia Kondoa tarehe 19 Aprili, yakipoteza farasi wengi njiani kwa mvua na maradhi. Usiku wa tarehe 9 Mei Lettow-Vorbeck aliwashambulia hapo Kondoa bila kufanikiwa. Mwaka uliofuata kikosi kilichojitenga na jeshi kuu, kwanza chini ya Kapteni Wintgens na baadaye Naumann, kilizunguka katikati ya nchi kikiishi kwa mali na silaha za kuteka. Kilifika Mkalama, upande wa Singida, ambako si mbali na Hanang, kikaenda hadi Ikoma, kikarudi kupitia Kondoa, na kikasalimu amri kabla mwaka 1917 haujaisha. Kwa hiyo bunduki inayopatikana katika eneo hili inaweza kuwa ya 1871 iliyoangushwa na askari wa 1916, au ya 1898, au ya Kiingereza aina ya Lee-Enfield waliyobeba wa Afrika Kusini, au yoyote kati ya hizo iliyobadili upande mara mbili. Lakini ikipatikana Vergueiro, kuna swali zito. Naumann alikwisha kusalimu amri kabla ya Ngomano, na baada ya Ngomano jeshi la Mjerumani halikurudi tena kaskazini hii. Bunduki hiyo itakuwa imefika wakati wa amani, kwa mwindaji, mfanyabiashara au mtu aliyetoka kusini. Chapa moja ndogo inatosha kuivua silaha historia ya vita na kuivisha historia ya biashara.

Kuna njia nyingine pia, na hii husahaulika kabisa. Kuanzia mwaka 1904 hivi, Makaburu waliofukuzwa na kushindwa kwao katika vita vya Afrika Kusini walikuja kulowea Arusha na kandokando ya Meru. Jamhuri zao mbili zilikuwa zimenunua Mauser kwa maelfu kutoka Ujerumani kabla ya vita hivyo. Zile zilizonunuliwa na Orange Free State zina herufi O.V.S. Mafundi wa London nao, Rigby akiwa mashuhuri, walinunua miili ya Mauser kutoka Ujerumani na kuitengenezea bunduki za kuwindia tembo na nyati, na mabwana wa safari walizileta Afrika Mashariki. Zote hizo ni za Mjerumani ukiuliza chuma, na hakuna hata moja ya Mjerumani ukiuliza mkono ulioishika.

Namna ya kuzisoma haina uganga. Kwanza iwe imekaguliwa na mtu mwenye mamlaka na ujuzi, ijulikane haina risasi ndani, kwa sababu chuma cha miaka mia hakina adabu. Kisha itazamwe juu ya chumba cha risasi, pale mtutu unapoingia kwenye mwili wa bunduki. Katika Mauser ya 1898 hapo pana taji, jina la kiwanda kama Danzig, Spandau, Erfurt au Amberg, na mwaka. Ubavuni, upande wa kushoto, pameandikwa Gew. 98 kwa maandishi ya mkunjo wa Kijerumani. Katika Vergueiro pana taji lililokaa juu ya herufi za Mfalme Carlos wa Kwanza wa Ureno zilizosukwa pamoja, na ubavuni jina la kiwanda cha Berlin. Ile ya 1871 haina kisanduku cha risasi tumboni. Komeo likivutwa unaona nafasi ya risasi moja tu. Mtutu nao unasema. Penseli ya kawaida ya mwanafunzi inapwaya katika mtutu wa milimita 11, inaingia vizuri katika ule wa 7.92, na inagoma katika ule wa Mreno ambao ni milimita 6.5. Kifaa cha shilingi mia mbili kinaondoa nusu ya ubishi.

Nusu ya pili iko katika namba, na hapa ndipo ukarabati unapojianika. Mafundi wa Ujerumani walikuwa na desturi ya kuchonga namba ya bunduki, au tarakimu zake mbili za mwisho, karibu kila kipande: komeo, pingili za chuma zinazoshika mti, hata skrubu. Bunduki iliyotoka kiwandani na kukaa salama ina namba moja kila mahali. Ile iliyovunjika vitani, ikapelekwa kwa fundi na kuunganishwa kwa vipande vya nyingine tatu, ina namba nne tofauti, na mara nyingine namba ya zamani imekatwa kwa mstari na mpya kuchongwa pembeni. Serikali zenyewe ziliongeza mihuri. Bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1888 ilipobadilishwa mtutu ipokee risasi mpya, yenye kipenyo kikubwa kidogo kuliko ya awali, iligongwa herufi S, na aliyepuuza herufi hiyo alihatarisha macho yake. Baada ya kushindwa, jamhuri mpya ya Ujerumani iligonga tarakimu 1920 juu ya bunduki zilizoruhusiwa kubaki mikononi mwa dola. Nyingine zilichongwa ndani zikageuzwa bunduki za marisau za kuwindia ndege, zikauzwa kwa jina la Geha.

Vita vya Pili vya Dunia viliyarudia hayo kwa wingi zaidi. Mauser fupi za wanajeshi wa Hitler, zenye alama za siri za viwanda kama byf, ziliokotwa na washindi kila upande. Wayugoslavia walifuta alama za Wanazi na kugonga nembo yao. Wasovieti walizimwaga zote mezani, wakazifungua, wakazipaka rangi na kuziunganisha bila kujali kipande kilitoka bunduki gani. Wanorwe walizibadili mitutu zipige risasi za Kimarekani, na Waisraeli, ambao mtu angedhani wasingependa hata kuzigusa, walizitumia jeshini na baadaye wakazigeuza zipokee risasi za NATO. Mkusanyaji wa leo anayelipa pesa nyingi hutafuta ile ambayo hayo yote hayakuipata, yenye namba moja na rangi ya kiwandani. Naelewa ladha yake, lakini ladha ya soko si kipimo cha ushahidi. Bunduki isiyoguswa inaeleza siku moja kiwandani. Ile yenye mihuri mitatu inaeleza dola tatu.

Hapa pana tofauti kubwa kati yetu na wakusanyaji wa ng'ambo, na ni tofauti ya haki kabla ya kuwa ya ladha. Askari wa Marekani aliyemaliza vita Ulaya mwaka 1945 aliruhusiwa kubeba bunduki aliyoiteka, akapewa karatasi iliyosainiwa na mkubwa wake, na karatasi hiyo leo inauzwa pamoja na bunduki kwa sababu ndiyo inayoipa jina la mtu, kikosi na mahali. Zaidi ya Watanganyika 80,000 waliingia jeshini katika vita hivyo. Waliokuwa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Mwingereza, walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Walirudi na nishani, makoti na malipo yaliyolalamikiwa. Bunduki iliandikwa kwenye daftari na kurudi ghalani, na kwa serikali ya kikoloni Mwafrika mwenye bunduki ya kivita nyumbani alikuwa tishio, si shujaa mwenye kumbukumbu. Ndiyo maana kwetu hakuna karatasi. Silaha iliyobaki kijijini ilibaki kwa kuokotwa, kufichwa au kununuliwa gizani, na familia ilijifunza kunyamaza. Simulizi ikikatika, kinachobaki ni chapa.

Kisa cha Mwanza kinaonyesha jambo hili vizuri kuliko hoja. Mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wake wa zamani waliokuwa hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, na wachache tu ndio waliokuwa na cheti walichopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare. Mtu wa benki aliyeleta fedha akampa kila mzee ufagio, akatoa amri za gwaride la bunduki kwa Kijerumani, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Hawakuwa na silaha wala hati, lakini mabega yalikumbuka. Wazee hao wamekwisha sasa, na ufagio hauna tena wa kumjaribu. Vyuma ndivyo vilivyobaki hai.

Pingamizi la kwanza, na la haki, ni usalama. Nchi yetu inapakana na nchi zilizoumizwa na silaha ndogondogo. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi za ukanda huu kuweka alama kwenye silaha na kuteketeza zile haramu. Sheria yetu ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kukaa na bunduki bila leseni. Kenya ilichoma bunduki 5,250 kwa mara moja pale Ngong mwezi Novemba 2016. Atakayesoma makala hii akadhani ninatetea wanakijiji wafungue makumbusho chini ya vitanda vyao, amenisoma vibaya. Ninataka zisalimishwe zote. Ombi ni la dakika kumi zinazotangulia moto: picha ya juu ya chumba cha risasi, picha ya ubavu, namba zote ziandikwe, na kijiji ilikopatikana. Itifaki na sheria zinazotaka silaha ifuatiliwe tangu ilipotengenezwa zinahitaji kumbukumbu hizohizo, kwa hiyo polisi na mwanahistoria wanatafuta tarakimu zilezile. Bunduki moja moja yenye maana ya pekee inaweza kuzibwa mtutu na kukatwa kipigio isifyatue kamwe, ikapelekwa Makumbusho ya Taifa. Nyingine ziyeyushwe, nami sitazililia.

Pingamizi la pili linasema chapa hudanganya. Ni kweli, wapo mafundi wanaogonga mihuri bandia. Lakini udanganyifu hufuata bei. Kule ambako herufi K.S., za jeshi la kikoloni la Kaiser, zinaongeza thamani ya bunduki mara kadhaa, kuna sababu ya kuzighushi. Katika bunduki iliyooza kitako na kufukuliwa Hanang hakuna aliyekuwa na sababu ya kukesha akiichonga. Kwetu hatari iko upande mwingine, kwenye mchanganyiko wa kweli unaosomwa kwa haraka. Magobole ni mfano. Wahunzi wetu wametengeneza bunduki za kushindiliwa kwa vizazi, kwa mabomba na mbao za miti ya kwao, na Mauser ya 1871 iliyopoteza komeo na kuliwa na kutu hufanana sana na gobole kwa jicho la haraka. Moja ni kazi ya kiwanda na nyingine ya mhunzi wa jirani, na kazi ya mhunzi inastahili kuandikwa kwa jina lake, bila kuzawadiwa Mjerumani.

Wapo wanaosema, kwa uchungu ambao siwezi kuupuuza, kwamba kuhifadhi habari za bunduki hizi ni kumtukuza mkoloni. Wanaosema hivyo wanajua kwamba upande wa Waingereza pekee wapagazi waliokufa katika Vita vya Kwanza wanakadiriwa kukaribia laki moja, wengi kwa kuhara, njaa na malaria, na kwamba sanamu ya Askari iliyowekwa Dar es Salaam mwaka 1927, mahali iliposimama ile ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, inamwonyesha mwenye bunduki na singe, ilhali mwenye mzigo kichwani haonekani. Jibu langu ni kwamba kutojua ndiko kunakomtukuza. Tunapoita kila chuma cha Mjerumani tunampa ushindi asioupata, tunamfanya aonekane alikuwa kila mahali na kila kitu kilikuwa chake. Orodha ya Abercorn inamwonyesha alivyokuwa: mtu wa kuazima, aliyebebewa na watu wetu, akipigana kwa silaha za wengine. Chapa zikisomwa, hadithi ya Mjerumani mwenye nguvu zisizo na mwisho inapungua kimo. Na kila sanduku la risasi lililofika Kondoa lilifika juu ya kichwa cha mtu. Kujua risasi gani zilifika wapi ni kujua pia mpagazi alipita wapi.

Kuna atakayesema bunduki zenyewe ni chache mno kuhangaikiwa. Uchache ndio unaofanya kazi iwezekane. Bunduki kumi zilizoandikwa vizuri, kutoka Balangdalalu, Basotu, Mbulu, Babati na Kondoa, zitatosha kuonyesha kama masalia ya ukanda huu ni ya vita vya 1916, ya msafara wa Naumann, ya Makaburu wa Arusha au ya wawindaji. Bila hizo kumi tutabaki na neno moja linalojibu kila swali, na neno linalojibu kila swali halijajibu lolote.

Basi ukiikuta, shambani, darini kwa babu au ndani ya ukuta wa nyumba inayobomolewa, usivute komeo, usiisugue kwa mchanga ing'ae, na usimwite mnunuzi wa rupia. Kutu ilindwe, kwa kuwa msasa unafuta tarakimu haraka kuliko miaka mia ilivyoweza. Iache ilipo, mwambie mtendaji wa kijiji, yeye aite polisi. Ofisa atakapofika, mwombe kwa heshima jambo moja tu: kabla bunduki haijaingia kwenye gari, namba zake na chapa zake zipigwe picha, na jina la kijiji liandikwe pembeni.